Nyama Mbili, Moto Mmoja: Soseji za Kufungwa kwa Beikoni

Soseji iliyofungwa kwa beikoni ni kitafunio kidogo kinachounganisha nyama mbili zilizokwisha kupita katika chumvi kwa njia tofauti. Ndani yake mna soseji, yaani nyama iliyosagwa, ikakolezwa chumvi na viungo, kisha ikajazwa katika utumbo mwembamba. Nje yake mna beikoni, yaani nyama ya nguruwe, hasa ya tumbo, iliyolazwa katika chumvi kwa siku kadhaa, mara nyingi ikapitishwa katika moshi, na hatimaye ikakatwa vipande virefu vyembamba. Nchini Uingereza, ambako chakula hiki kimejipatia makao ya kudumu, meza ya Krismasi huonekana ina pengo kikikosekana kando ya bata mzinga, viazi vya kuoka na kabichi zile ndogo za Brussels, na si ajabu sahani yake ikamalizwa kabla bata mzinga mwenyewe hajakatwa. Hata hivyo, chakula hiki kinachodhaniwa kuwa rahisi huwashinda wengi, kwani mara nyingi hutoka ama soseji imeiva na beikoni ingali laini na yenye utelezi, ama beikoni imekauka vizuri na soseji imekuwa ngumu kama mpira. Sababu ni moja tu: nyama hizo mbili haziivi kwa mwendo mmoja, na karibu kila hatua ya upishi wake, tangu kupima chumvi mpaka kupanga trei, ni jitihada ya kuzifanya ziwahi pamoja.

Majina ya chakula hiki yanachekesha, na pia yanachanganya. Waingereza hukiita nguruwe aliyejifunika blanketi, na Waskoti husema kuwa soseji hizo zimevaa sketi ya asili ya wanaume wa kwao, ilhali nchini Marekani jina hilohilo la blanketi humaanisha soseji ndogo iliyoviringishwa katika unga uliokandwa na kuokwa, bila beikoni yoyote. Wajerumani nao wana soseji iliyovaa joho la kulalia, ambayo pia huvishwa unga. Austria ina soseji zinazopasuliwa kati, zikatiwa kipande cha jibini na ndipo zikafungwa kwa beikoni. Huitwa Berner Würstel, na wageni wengi hudhani asili yake ni mji wa Bern nchini Uswisi, kumbe jina hilo ni la mpishi Erich Berner wa Zell am See, anayesifiwa kuzibuni katika miaka ya 1950. Ng'ambo ya Atlantiki, katika jimbo la Sonora nchini Meksiko na jirani yake Arizona nchini Marekani, soseji ya kuliwa ndani ya mkate mrefu hufungwa kwa beikoni, hukaangwa juu ya bati pana, kisha hufunikwa kwa maharage, nyanya na vitunguu. Inastahili kutajwa kwamba majina mengi ya Ulaya yanazungumzia mavazi, na kama chakula hiki kingepewa jina pwani ya Afrika Mashariki, pengine kingeitwa soseji iliyopiga lubega.

Ndoa hii ya beikoni na nyama nyingine haikuanza na soseji. Wapishi wa Ulaya walikuwa na desturi ya zamani ya kuvisha shahamu, yaani kuifunika nyama isiyo na mafuta, kama vile kifua cha ndege au paja la swala, kwa vipande vya mafuta ya nguruwe au beikoni, ili mafuta hayo yayeyuke polepole na kuilowesha nyama wakati wa kuoka isije ikakauka. Uingereza ya karne ya 19 ilimjua pia bata mzinga aliyepambwa kwa mkufu wa soseji zilizoungana, na mzaha wa wakati huo ulimfananisha na diwani mnene aliyevaa mkufu wa cheo chake. Hivyo beikoni na soseji zilikuwa zikikutana juu ya mgongo wa ndege yuleyule muda mrefu kabla ya kufungwa pamoja. Lakini hapa pana jambo ambalo maelezo mengi ya upishi hulipita bila kuliona. Soseji ya nguruwe haihitaji kuvishwa shahamu hata kidogo, kwa kuwa ndani yake tayari mna mafuta ya kutosha. Beikoni iliyoizunguka haiko pale kwa ajili ya kuilainisha, ila kwa ajili ya moshi, chumvi na ule ukavu unaovunjika menoni. Mpishi anayelitambua hilo hataiacha beikoni itokote katika mafuta ya soseji, na hatanunua beikoni nene kwa kudhani kuwa wingi ni ubora.

Beikoni yenyewe ina historia iliyofungamana na kemia. Kwa karne nyingi watengenezaji walichanganya chumvi na shura, ambayo ni madini ya nitrati yanayojulikana zaidi kama kiungo cha baruti, kwa sababu waliona kuwa nyama iliyotiwa shura hubaki na rangi nyekundu ya kupendeza hata baada ya kupikwa, ilhali iliyotiwa chumvi pekee hugeuka kuwa ya kijivu. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 ndipo wanasayansi walipofumbua siri hiyo, miongoni mwao akiwa Mskoti John Scott Haldane, aliyeeleza mwaka 1901 jinsi rangi hiyo inavyotokea: bakteria wa nyamani hubadili nitrati kuwa nitriti, nitriti huzaa gesi ya nitrojeni na oksijeni, na gesi hiyo hushikamana na mayoglobini, yaani ile protini inayoipa nyama wekundu wake, kiasi kwamba joto haliwezi tena kuufuta. Baada ya ugunduzi huo watengenezaji waliweza kuiacha shura na kutumia nitriti moja kwa moja, jambo ambalo serikali ya Marekani iliidhinisha mwaka 1925.

Rangi si faida pekee. Nitriti huzuia kukua kwa bakteria aitwaye Clostridium botulinum, anayestawi mahali pasipo hewa na kutoa sumu inayolemaza misuli mpaka ile ya kuvutia pumzi. Hata jina lake linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya soseji, kwa kuwa ugonjwa huo ulichunguzwa kwa makini kwa mara ya kwanza na daktari Justinus Kerner, ambaye pia alikuwa mshairi, katika eneo la Württemberg nchini Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 19, baada ya watu kufa kwa kula soseji zilizoharibika. Kwa upande mwingine, nitriti ikizidi ni sumu, na ndiyo maana wanaotengeneza nyama nyumbani huuziwa chumvi maalumu ambayo asilimia 6.25 tu yake ni nitriti na inayobaki ni chumvi ya kawaida, ikatiwa rangi ya waridi ili mtu asije akaidhania kuwa chumvi ya mezani. Kipimo chake ni gramu 2.5 kwa kila kilo ya nyama, nacho hupimwa kwa mizani ndogo inayosoma hata chini ya gramu moja. Kijiko hakifai kwa kazi hii, wala mkono wa mpishi hodari.

Nyumbani, nyama ya tumbo yenye uzito wa kilo 2 hupakwa mchanganyiko wa gramu 45 za chumvi ya kawaida, gramu 5 za chumvi hiyo ya waridi na gramu 20 za sukari, hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza hewa, na kulazwa katika friji yenye baridi isiyozidi nyuzi 4 za sentigredi kwa muda wa siku 7, huku ikigeuzwa kila siku ili maji yanayotoka yaizunguke pande zote. Siku ya 8 huoshwa, hupanguswa, na kuachwa wazi juu ya wavu ndani ya friji usiku kucha hadi uso wake uwe mkavu na wenye kunata kidogo. Vitabu vingi huagiza kwamba baada ya hapo nyama ifukizwe au iokwe polepole hadi moto ufike ndani, lakini kwa kazi ya kufungia soseji ushauri huo una kasoro, kwa sababu beikoni iliyokwisha kupikwa hukakamaa na haivutiki. Iliyo mbichi hukubali kuvutwa na kujikunja. Inatosha kuiweka katika friza kwa saa moja na nusu hivi ili igande nusu, kisha ikakatwa kwa kisu kirefu chenye makali, unene wa milimita 2 hadi 3. Asiye na muda wala mizani hapotezi heshima yoyote akinunua beikoni ya dukani iliyokatwa nyembamba, mradi iwe ile ya tumbo yenye michirizi ya mafuta na nyama kwa kupokezana, si ile ya mgongoni yenye jicho kubwa la nyama, ambayo Waingereza huipenda kwa kifungua kinywa lakini haizunguki vizuri.

Kwa upande wa soseji, inayotumika zaidi Uingereza ni chipolata, soseji nyembamba yenye unene wa kidole ambayo jina lake lilitoka Italia na lina asili katika neno la kitunguu, ingawa leo kitunguu mara nyingi hakimo. Kuitengeneza huhitaji gramu 750 za nyama ya bega la nguruwe na gramu 250 za mafuta magumu ya mgongoni, kwa kuwa soseji isiyofikisha robo ya mafuta huwa kavu. Viungo vyake vya asili ni pilipili nyeupe, majani makavu ya seji, kungumanga na basibasi, na hapa msomaji wa Unguja yuko nyumbani, kwani anajua kuwa kungumanga na basibasi ni tunda la mti mmoja, kokwa kwa upande mmoja na utando mwekundu unaoizunguka kwa upande wa pili. Gramu 1 ya kila kimoja inatosha kwa kilo nzima ya nyama, pamoja na gramu 3 za pilipili na gramu 2 za seji. Huongezwa pia gramu 80 za chenga za mkate mkavu, ambazo hunyonya juisi na kuipa soseji ya Kiingereza ule ulaini wake unaopendwa na wengine na kudharauliwa na Wajerumani, pamoja na mililita 100 za maji ya barafu.

Chumvi ndiyo inayohitaji uamuzi. Soseji ya kawaida hutiwa gramu 17 au 18 za chumvi kwa kilo, lakini soseji itakayofungwa kwa beikoni haina budi kupunguziwa mpaka gramu 13 au 14, maana beikoni italeta chumvi yake yenyewe na sehemu ya chumvi hiyo itaingia ndani ya soseji. Haifai hata hivyo kuiondoa kabisa, kwa sababu chumvi katika soseji haikuwekwa kwa ladha tu. Inapochanganywa na nyama iliyosagwa huivuta mayosini, ambayo ni mojawapo ya protini kuu za misuli, ikatoka na kuwa kama gundi, na gundi hiyo ndiyo inayoshikilia maji na mafuta wakati wa kupika. Bila gundi hiyo, mtu hupata nyama ya kusaga iliyo ndani ya utumbo, inayopukutika kama mchanga mara ikikatwa.

Gundi hiyo ina adui mmoja, nalo ni joto. Mafuta ya nguruwe huanza kulainika katika joto lisilofika hata lile la mwili wa mtu, na yakilainika wakati wa kusagwa hujipaka juu ya kila chembe ya nyama na kuizuia isishikamane na nyingine. Baadaye, ndani ya oveni, mafuta hayo hukimbia yote na kuacha soseji iliyosinyaa ikielea katika dimbwi lake. Mpishi wa London mwezi Desemba, jiko lake likiwa na nyuzi 18, anaweza kuzembea kidogo na asiadhibiwe. Mpishi wa Dar es Salaam au Mombasa wa mwezi huohuo, anayefanya kazi katika chumba chenye nyuzi 31, hana nafasi hiyo, na hulazimika kuigandisha nyama nusu kabla ya kuisaga, kuviweka visu na bakuli la mashine katika friza kwa saa nzima, na kusaga kwa mafungu madogo huku fungu linalosubiri likiwa limerudishwa kwenye baridi. Mchanganyiko hukandwa kwa nguvu kwa dakika 2 au 3, na kipimo cha kuwa umefikia ni rahisi: donge dogo hubandikwa kwenye kiganja, kiganja hugeuzwa kielekee chini, na donge likibaki limening'inia bila kuanguka, gundi imetoka. Kisha kipande kidogo hukaangwa na kuonjwa pamoja na kijipande cha beikoni iliyokaangwa, si peke yake, kwa kuwa ndivyo kitakavyoliwa.

Kujaza nyama katika utumbo si ujuzi mgeni Afrika Mashariki, kwani mutura ya Wagikuyu, ambayo ni utumbo wa mbuzi au ng'ombe uliojazwa nyama na damu na kuchomwa juu ya makaa, hutengenezwa kwa kanuni ileile. Utumbo wa kondoo, unaotumika kwa chipolata, huuzwa ukiwa umehifadhiwa katika chumvi. Hulowekwa katika maji ya vuguvugu kwa nusu saa, kisha maji hupitishwa ndani yake mpaka ujae urefu wote, ukionekana kama uzi wa hariri uliolowa, na tundu lolote hujidhihirisha kwa mchirizi wa maji. Hujazwa bila kukazwa sana, kwa sababu soseji zitasokotwa kila baada ya sentimita 6 au 7, na utumbo uliokwisha kutuna hauna nafasi ya kusokotwa. Soseji za uzito wa gramu 30 hivi ndizo zinazofaa. Kilo ya nyama pamoja na viungo, chenga na maji hutoa karibu 40, nazo hulazwa wazi katika friji usiku mmoja ili ngozi ikauke na kuishika beikoni.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya dakika chache, ingawa ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Kila kipande cha beikoni hulazwa juu ya ubao, ncha moja ikabanwa kwa kidole, na mgongo wa kisu ukapitishwa juu yake kwa mgandamizo wa taratibu kuelekea ncha ya pili, mpaka kipande kirefuke kwa kiasi cha theluthi na kiwe chembamba hata rangi ya ubao ianze kuonekana. Faida yake ni kwamba beikoni nyembamba hukauka upesi zaidi, na hivyo huifikia soseji ambayo vinginevyo ingetangulia kuiva. Isitoshe, kipande kimoja kilichokatwa kati hutosha soseji mbili ndogo, kwa hiyo soseji 40 hazihitaji zaidi ya vipande 20. Beikoni huzungushwa mshazari kama bendeji kwenye kidole, kila mzunguko ukiupanda wa kabla yake kwa upana wa milimita chache tu, kwa sababu pale inapopandana mara mbili au tatu haitakauka kamwe. Ncha za soseji huachwa wazi. Vijiti vya meno si vya lazima: soseji ikilazwa juu ya mwisho wa beikoni, uzito wake na protini inayoganda kwa joto huufunga mshono huo kabla haujapata nafasi ya kufunguka.

Kiini cha joto linalofaa ni kupata mahali pa kati. Oveni ya nyuzi 160 huyeyusha mafuta ya beikoni bila kuikausha, na oveni ya nyuzi 230 huiunguza ilhali moyo wa soseji ungali wa waridi. Nyuzi 200 kwa muda wa dakika 25 hadi 30 ndizo zinazozikutanisha nyama hizo mbili, mradi soseji ziwe ndogo. Katika joto hilo, uso wa beikoni ukishakauka, protini na sukari zake huanza kuungana na kuzaa rangi ya kahawia na mamia ya harufu, katika mmenyuko uliopewa jina la Mfaransa Louis-Camille Maillard, aliyeueleza mwaka 1912. Mmenyuko huo huenda polepole mno mahali penye maji, na kwa sababu hiyo soseji hupangwa juu ya wavu uliowekwa juu ya trei, zikiachiana nafasi ya upana wa kidole, ili mvuke uondoke na mafuta yadondoke chini. Zikisongamana kwenye trei tupu huwa zinachemka, hata kama jina la kifaa ni oveni. Hugeuzwa mara moja tu, baada ya mshono kushikamana. Asali, anayependa, hupakwa katika dakika 5 za mwisho, maana sukari iliyopakwa mapema huungua na kuwa chungu. Soseji nene za ukubwa wa kawaida haziwezi kufuata ratiba hii. Hizo huokwa zenyewe kwa dakika 12 hivi, zikapoozwa, na ndipo zikafungwa.

Asiye na oveni hana haja ya kukata tamaa. Mbinu ya kupalia makaa, yaani moto chini na moto juu, ambayo majumbani mwa pwani huokea mkate wa kumimina na keki, hufaa vizuri kabisa: wavu mdogo huwekwa ndani ya sufuria nzito, soseji zikapangwa juu yake, makaa machache yakabaki chini na mengi yakapangwa juu ya mfuniko, ambao huinuliwa kila baada ya dakika chache ili mvuke utoke. Kuzichoma moja kwa moja juu ya jiko la mkaa, kwa upande mwingine, ni kutafuta balaa, kwani mafuta yanayodondokea makaa huwaka na kuzipaka soseji masizi machungu. Njia yoyote itakayotumika, kipimajoto cha nyama kikichomwa katikati ya soseji hakina budi kusoma angalau nyuzi 71. Rangi haiwezi kutegemewa, kwa sababu nitriti ya beikoni huweza kuipa nyama ya soseji iliyoiva kabisa mzingo wa waridi, na mpishi mwenye wasiwasi akaendelea kuipika mpaka ikaharibika.

Kiwango hicho cha joto kina uzito wa pekee Afrika Mashariki. Katika baadhi ya maeneo ya kaskazini na ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania, na kwingineko nguruwe wanakoachwa kuzurura, kuna tegu wa nguruwe, mnyoo ambaye malengelenge yake huonekana nyamani kama punje nyeupe za mchele. Mtu anayekula nyama hiyo ikiwa haikuiva hupata mnyoo tumboni, na mayai yatokayo na kinyesi cha mtu huyo, yakimfikia mtu mwingine kwa njia ya chakula au mikono, huweza kujenga malengelenge katika ubongo na kusababisha kifafa. Moto wa kutosha humuua, na nyama yenye muhuri wa mkaguzi hupunguza hatari tangu mwanzo. Mchinjaji anayesema kuwa punje hizo ni mafuta tu anastahili kukimbiwa.

Soko la nyama hii katika ukanda huu si jipya. Kiwanda cha beikoni cha Uplands, karibu na Limuru nchini Kenya, kilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya walowezi waliotaka kifungua kinywa cha kwao, na mahali hapo pangali pakiitwa hivyo ingawa kiwanda kilikwishafungwa. Nchi hiyohiyo ndiko homa ya nguruwe ya Afrika, inayowaua nguruwe kwa kasi bila kumdhuru binadamu, ilikoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921. Siku hizi wateja si walowezi. Kitimoto, kama nyama ya nguruwe inavyoitwa mitaani Tanzania, huuzwa kwa kilo na ndizi za kukaanga kutoka Moshi hadi Mbeya, na Kampala ina mabaa yanayojulikana kwa nyama hiyo kuliko kwa vinywaji vyake. Beikoni bado ni kitu cha maduka makubwa na hoteli, na bei yake ndiyo sababu nzuri ya kuitengeneza nyumbani.

Kwa Waislamu, ambao ndio wengi katika pwani na visiwa vyake, na kwa wengine wasiokula nguruwe, chakula hiki kina toleo lisilo na hila yoyote. Beikoni hutengenezwa kwa kidari cha ng'ombe chenye mafuta, kwa vipimo vilevile vya chumvi, na soseji huwa ya kuku au ya ng'ombe iliyojazwa katika utumbo wa kondoo aliyechinjwa kihalali. Utumbo wa kiwandani, unaotengenezwa kwa kolajeni, yaani protini ya ngozi na kano, unahitaji kusomwa lebo yake vizuri, kwa kuwa kolajeni hiyo yaweza kutoka kwa mnyama yeyote. Toleo hili hubadili pia mantiki ya upishi: soseji ya kuku haina mafuta mengi, na beikoni ya ng'ombe hukakamaa upesi, kwa hiyo joto hupunguzwa hadi nyuzi 180 na uso wa beikoni hupakwa mafuta kidogo. Hapa ile desturi ya kale ya kuvisha shahamu hurudi kazini, na vazi huwa kweli linamlinda aliyelivaa.

Jambo moja la afya halipaswi kufichwa. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani na lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliiweka nyama ya kusindikwa, zikiwamo beikoni na soseji, katika kundi la vitu ambavyo ushahidi wa kusababisha saratani kwa binadamu unatosha, na kukadiria kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza uwezekano wa kupata saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Kuwa katika kundi moja na tumbaku hakumaanishi kuwa hatari zake zinalingana, kwa sababu kundi hupima uthabiti wa ushahidi na si ukubwa wa madhara. Lakini soseji moja ndogo iliyofungwa kwa beikoni haiko mbali na gramu 40, na hesabu hiyo ni sababu nzuri ya kuzihifadhi zaidi kwa Desemba, kama Waingereza wenyewe wafanyavyo.

Zilizofungwa lakini hazijapikwa huweza kupangwa kwenye trei bila kugusana, zikagandishwa, kisha zikatiwa katika mfuko na kukaa friza kwa mwezi mmoja. Baada ya hapo mafuta ya beikoni huanza kuchacha hata kwenye baridi, kwa kuwa chumvi huharakisha mafuta kuungana na oksijeni. Huyeyushwa katika friji usiku kucha, si juu ya meza. Na yale mafuta yaliyodondoka chini ya wavu, ya rangi ya dhahabu na yenye harufu ya moshi na seji, hayamwagwi: huchujwa, hutiwa katika sinia la moto, na viazi vilivyochemshwa nusu na kutikiswa ndani ya sufuria mpaka kingo zake zikachakaa huokwa humo kwa dakika 45, hadi vitoe mlio vinapogongwa kwa kijiko.